Maswali ya madereva: "Programu imenipangia kila kitu isipokuwa saa ya kula"

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni dereva wa kirikuu, nasambaza soda, maji na juisi kutoka stoo ya Kizota hapa Dodoma. Tangu mwaka uanze bosi ametuwekea programu ya kupanga ruti kwenye simu. Nikifika asubuhi nakuta oda zimeshapangwa, nani wa kwanza, nani wa mwisho, na kila mmoja ana dakika zake.

Zamani nilikuwa napanga mwenyewe. Naanza na wa mbali, Ihumwa na Mtumba kwenye ofisi za serikali, kabla jua halijawa kali na foleni ya getini haijajaa. Majengo namalizia jioni kwa sababu watu wa sokoni asubuhi hawana hela. Sasa simu inanipeleka Majengo saa mbili asubuhi. Mama mwenye duka ananiuliza, "Mwanangu, sijauza hata soda moja, nikulipe na nini?" Naondoka na kreti zangu, simu inaandika kwa rangi nyekundu: haikufikishwa.

Wakati wa mvua iliniambia nikatishe korongo upande wa Nkuhungu. Nilizunguka, ikaandika nimeacha njia. Ijumaa saa saba mchana inanipeleka kwenye maduka ambayo wenyewe wako msikitini. Na saa ya kula haijaiweka kabisa, mimi na tingo wangu tunakula mihogo gari likitembea. Mwisho wa mwezi bosi kanikata elfu thelathini, eti ucheleweshaji. Wenzangu wawili wanazima data ili wasionekane. Nifanye kama wao, niache kazi, au kuna namna nyingine?
Dereva wa Kizota

JIBU: Marahaba mwanangu. Data usizime. Ukizima, bosi haoni mvua wala swala. Anaona gari limepotea katikati ya mchana, na gari la mzigo likipotea kila mtu anajua watu wanawaza nini: mafuta yameuzwa kwa dumu, au kuna mzigo wa pembeni unapelekwa Bahi. Tusidanganyane, wapo wanaozima kwa sababu hiyohiyo. Usijiunge nao halafu ukose namna ya kujitofautisha nao.

Mimi nilishika usukani wa Fuso kabla ya kukaa kwenye meza ya kupanga safari, kwa hiyo nina lawama kwa pande zote mbili. Sisi masuka, yaani madereva, tunajisifu kwamba ruti ziko kichwani. Nyingine ziko kweli. Lakini ukiwa na maduka kumi tu, namna za kuyapanga nani aanze nani afuate ni 3,628,800. Hakuna kichwa kinachozipima zote kabla ya chai ya asubuhi. Kichwa huchukua ile kiliyoizoea, na ile kiliyoizoea si lazima iwe nzuri. Nimewahi kuona dereva akipita Chang'ombe mara mbili kwa siku kwa sababu tu ndivyo alivyofundishwa na aliyemtangulia.

Hesabu yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1959 kule Marekani, George Dantzig na John Ramser waliandika kuhusu magari ya petroli yanayotoka bohari moja kwenda vituo vingi, wakitafuta jumla ya mwendo iwe ndogo kadiri inavyowezekana. Angalia walichokuwa wanatafuta: mwendo. Mama wa Majengo ambaye hajauza hakuwemo kwenye hesabu, na mpaka leo hayumo isipokuwa kuna mtu amemwingiza. Programu nyingi za sasa zinakubali aingizwe. Zina mahali pa kujaza saa ambazo mteja anapokea mzigo, muda wa kushusha, mapumziko ya dereva, na barabara za kukwepa. Nina wasiwasi aliyemfungia bosi wako programu hiyo alijaza majina ya maduka, akaweka dakika zilezile kwa kila kituo, akaenda zake.

Sasa isome tena barua yako. Ukiacha lile korongo, ni wapi umechelewa ukiwa unaendesha? Mimi sijapaona. Kote umechelewa ukiwa umesimama, au umefika saa ambayo mteja hana nafasi na wewe. Hapo ndipo ugomvi wako ulipo, na wewe umeupeleka kwenye njia. Chukua Mtumba. Getini unaandika daftari, unaacha kitambulisho, unaambiwa umsubiri anayehusika na manunuzi, naye yuko kwenye kikao. Akija anataka risiti ya mashine na nakala ya ankra. Majengo nako mama anahesabu kreti tupu, chupa moja imevunjika mdomo, mnabishana ni ya nani, kisha analipa kwa simu na mtandao umegoma, mnakaa mnasubiri ujumbe uingie. Ramani haioni hata kimoja katika hivyo. Yenyewe inajua umefika.

Nunua daftari dogo. Kwa wiki mbili, kila kituo andika saa uliyofika, saa uliyoanza kushusha, saa uliyoondoka, na neno moja la sababu: geti, hela, swala, maji. Neno moja tu, usiandike malalamiko. Tingo ndiye aandike, wewe endesha. Kisha mtafute bosi siku iliyotulia, isiwe Jumatatu asubuhi, mwonyeshe. Usimwambie programu ni mbaya, maana ameilipia. Mwombe abadilishe dakika za Mtumba, aweke Majengo mchana kwenda jioni, na Ijumaa azuie yale maduka kuanzia saa sita na nusu mpaka saa nane.

Akisema wewe ni dereva tu, unajua nini kuhusu kompyuta, mweleze hili kwa upole. Mwaka 2021 kampuni ya Amazon na chuo cha MIT waliitisha shindano. Washiriki walipewa kumbukumbu za safari halisi za madereva, wakatakiwa kutengeneza programu itakayopanga vituo kwa kufuata safari zile zilizokwenda vizuri. Hawakushindanishwa kwa njia fupi. Walipimwa kwa jinsi walivyomkaribia dereva. Kampuni yenye kompyuta nyingi namna ile ilikuwa inamtafuta suka, na bosi wako anaye pale Kizota, anamkata elfu thelathini.

Korongo usikatishe, na hapo sina mjadala. Nyie vijana mliokuja Dodoma na serikali mnaona mchanga mkavu mnadhani ni barabara. Mvua inaweza kunyesha huko vilimani, hapa mjini jua linawaka, na maji yakakukuta katikati. Ukizunguka, piga picha, itume kwa bosi kabla hujageuza gari, ili maelezo yatangulie ile alama nyekundu.

Kuhusu kula na kukatwa, sheria ipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema mfanyakazi akifanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo anastahili mapumziko ya angalau dakika 60. Saa za kawaida ni 9 kwa siku na 45 kwa wiki, za ziada zinalipwa mara moja na nusu. Kwa hiyo ruti isiyo na saa ya kula imepangwa vibaya hata kama mistari yake imenyooka. Na mshahara haukatwi kwa sababu simu imeandika nyekundu. Mwajiri anakata pale sheria, mkataba wa pamoja au amri ya mahakama inaporuhusu, au wewe umekubali kwa maandishi kulipa deni. Hata ingekuwa umesababisha hasara kwa uzembe, lazima upewe kwanza nafasi ya kujieleza, na makato hayazidi robo ya mshahara. Anza kwa kuzungumza naye. Akigoma, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ipo na Dodoma wana ofisi.

Kazi usiiache kabla daftari halijajaa.

SWALI: Habari za kazi dada. Mimi niko upande wa pili, nina magari ya kusambaza unga na mafuta ya kula mjini na mpaka Kongwa. Nimenunua programu, madereva wanabadilisha mpangilio kila siku. Nikiwaruhusu, kuna maana gani ya kuilipia? Nikiwakatalia, wananuna.
Mwenye stoo, Area C

JIBU: Nzuri, kaka. Waruhusu, ila kabla gari halijatoka stoo. Dereva aangalie orodha asubuhi, asogeze anachotaka kusogeza, na kila alichosogeza akitolee sababu. Sababu ikijirudia kwa madereva wawili tofauti, iingize kwenye programu ili kesho wasihangaike nayo. Gari likishatoka, anayebadilisha apige simu kwanza. Ukifanya hivyo mabishano yatapungua yenyewe, kwa sababu mengi ni ya mambo yaleyale.

Kabla ya hapo kagua pini zako, zile alama za mahali alipo mteja kwenye ramani ya programu. Naweka dau nusu ya lawama zako zinaanzia kwenye pini. Mteja anaambiwa atume lokesheni, anaituma usiku akiwa amekaa nyumbani kwake Ilazo, na duka liko Sabasaba. Dereva anafika mbele ya geti la nyumba, mbwa wanabweka, anapiga simu, haipokelewi. Wewe huku unaona amezubaa. Mpe dereva ruhusa ya kurekebisha pini akiwa amesimama mlangoni kwa mteja, ndipo mahali pekee inapopatikana sahihi. Na omba namba ya nyumba na jina la mtaa. Tangu operesheni ya anwani za makazi ya 2022 vibao vimewekwa mitaa mingi, sisi bado tunaelekezana "ukifika kwenye mbuyu uliza". Mbuyu ni mzuri, lakini programu haiulizi mtu.

Jambo jingine, vikao vya Bunge vikianza, hasa vile vya bajeti kuanzia Aprili, usitegemee dakika za Barabara ya Dar es Salaam zilezile za mwezi Machi. Msafara wa kiongozi ukipita mnasimama wote, aliyepangwa na aliyejipanga.

Umeniuliza pia, kwenye ule ujumbe wa pili, kama ni kweli kuna kampuni Marekani inayowakataza madereva kukata kushoto. Ni UPS, wasambazaji wa vifurushi, na si marufuku kabisa, wanapanga ruti ili wakwepe inapowezekana. Kule wanaendesha upande wa kulia, ukikata kushoto unavuka magari yanayokuja, unasubiri na injini inanguruma bure. Usije ukamwambia dereva wako wa hapa akwepe kushoto! Kwetu tunaendesha kushoto, kwa hiyo cha kukwepa ni kulia. Mwulize dereva yeyote anayetoka dukani akitaka kukata kulia saa kumi na moja jioni, atakuambia bila kompyuta.

SWALI: Shikamoo. Mume wangu ni dereva. Programu ya kazini iko kwenye simu yake mwenyewe na haizimiki. Jumapili tukienda kwa wazazi Chamwino, Jumatatu msimamizi anamtania, "Naona jana ulikuwa Chamwino." Hii ni sawa?
Mke wa dereva, Ipagala

JIBU: Marahaba mwanangu. Si sawa, hata kama ni utani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo mahususi na halali, na mwenyewe ajulishwe ni lengo gani. Kupanga mzigo wa Jumatatu hakuhitaji kujua Jumapili mlikula kwa nani.

Njia rahisi kwanza. Mwambie aingie kwenye mipangilio ya simu, upande wa ruhusa za mahali, achague programu ionyeshe alipo wakati inatumika tu, na akimaliza zamu aifunge. Kama haikubali, aombe simu ya kazi, aiache stoo jioni pamoja na funguo za gari. Ombi hilo aliandike, hata kwa ujumbe mfupi, ili liwe na tarehe. Wakikataa na utani ukaendelea, malalamiko yanapelekwa kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Wewe usimpigie huyo msimamizi simu. Najua umeshaipata namba yake.