Tafuna ganda kabla ya kupima sukari: kwa anayekwenda kuvuna zabibu za Port mara ya kwanza

Kila mwaka kuanzia mwezi wa tano ujumbe huanza kuingia. Kijana kamaliza chuo cha kilimo, kapata nafasi ya kuvuna zabibu za Port, ule mvinyo mtamu unaoongezwa kileo, bonde la Douro, kaskazini mwa Ureno, anauliza: kaka, viza inachukua muda gani? Malazi wanatoa? Mshahara je? Hayo nawajibu pembeni. Hapa nataka tuongee jambo ambalo hakuna anayeniuliza, nalo ndilo litakalokuamsha usiku ukiwa kule: hali ya hewa.

Mimi nimekulia Dodoma, mzabibu si mgeni kwangu. Lakini mzabibu wa kwetu haulali. Unaupogolea, unachipua, unavuna, unapogolea tena. Mavuno mawili kwa mwaka, moja la wakati wa mvua na moja la kiangazi. Msimu mmoja ukikuendea kombo, miezi michache tu unapata nafasi nyingine. Douro hakuna nafasi nyingine. Mti unalala majira yote ya baridi, unachipua Machi, maua mwishoni mwa Mei, mavuno Septemba, kwisha. Wenyeji husema kwao kuna miezi tisa ya baridi na mitatu ya jehanamu. Ukifika Agosti utawaelewa.

Sasa shika hili moja kabla ya mengine yote. Mvinyo mwekundu wa kawaida hukaa na maganda yake wiki nzima, mbili, hata zaidi. Port haina muda huo. Zabibu zinakanyagwa, mchuzi unaanza kuchacha, na baada ya siku mbili au tatu, sukari ikiwa imeliwa karibu nusu, unamwagiwa kileo cha zabibu chenye nguvu ya asilimia 77. Hesabu ya jadi ni lita 115 za kileo kwa lita 435 za mchuzi, jumla 550, ndilo pipa moja la Douro. Chachu inakufa, utamu unabaki, na biashara ya maganda imekwisha. Rangi yote, ukakasi wote, harufu yote itakayomfanya mtu aiweke chupa hiyo miaka 30, lazima uwe umeitoa kwenye ganda ndani ya zile siku mbili tatu. Utamu Douro si shida, jua lipo. Nguvu ya kulevya si shida, inakuja kwenye lori. Ganda ndilo halinunuliki, na ganda linatengenezwa na mwaka wenyewe.

Kwa hiyo ukifika, ulizia kwanza mvua iliyonyesha kabla hujaja. Mashamba yamepandwa kwenye ngazi zilizochongwa mlimani, juu ya jiwe la shisti linalopasuka kwa kusimama kama kurasa za kitabu. Maji ya Novemba hadi Machi yanazama kwenye nyufa hizo, na mizizi inayafuata chini mita kwa mita. Hiyo ndiyo akiba ya kiangazi. Mwaka 2003 joto liliunguza Ulaya, watu walikufa Ufaransa, na bado nyumba nyingi za Port, yaani kampuni zinazoitengeneza, ziliutangaza mwaka huo, maana yake ziliuona unastahili kutolewa kwa chupa yenye tarakimu ya mwaka, kwa sababu majira ya baridi yaliyotangulia yalikuwa yamejaza ardhi. Na usidhani bonde lote ni moja. Mlima Marão unazuia mawingu ya Atlantiki: upande wa magharibi, Baixo Corgo, hupata karibu milimita 900 kwa mwaka, ukienda mashariki hadi Douro Superior, unaweza kupata nusu ya hapo. Mvua hiyohiyo inayoozesha zabibu za mmoja inaiokoa mizabibu ya mwenzake.

Kipindi cha maua nitakipita haraka, maana wengi wenu mtakuwa hamjafika. Mvua na baridi vikikutana na maua, punje hazishiki na kichala kinabaki na mapengo. Mavuno yanapungua, lakini si lazima ubora upungue. Kichala chenye mapengo kinapitisha hewa. Magonjwa ya ubwiri unga na ubwiri vinyoya mnayajua kutoka nyumbani, na kule pia yanapigwa dawa.

Nije kwenye kosa langu. Ilikuwa 2017, mwaka mkavu tangu masika yao, kila kitu kimewahi. Mashamba mengi yalianza kuvuna Agosti, jambo ambalo wazee walilisema kama habari ya msiba. Nilikuwa msimu wangu wa pili, nina refraktomita yangu mfukoni, kile kifaa cha kupimia sukari, najiona mtaalamu. Nikatumwa kupima kipande cha Tinta Barroca. Aina hiyo ya zabibu haipendi joto. Ikizidiwa inanywea na kukunjamana, ndiyo maana hupandwa kwenye miteremko inayotazama kaskazini, kwenye nafuu ya jua. Nikatembea barabarani juu ya ngazi, nikachuma punje kwenye ncha za mistari, upande wa nje ambao mkono unafika bila kuinama. Nikaziminya: Baumé, yaani kipimo cha sukari, 14 na kitu. Nikarudi kusema tayari. Kesho yake asubuhi watu 20 waliingia shambani kwa neno langu.

Mchuzi ulipokusanyika hodhini haukufika hata 12 na nusu. Msimamizi wa shamba, mzee ambaye alikuwa akiniita kijana hata baada ya kulijua jina langu, alichukua kichala kutoka ndani ya kreti, akachuma punje iliyojificha katikati, akaitafuna taratibu, akatema mbegu kiganjani na kunionyesha. Mbegu zilikuwa za kijani. Hakusema kitu, na afadhali angesema.

Kilichotokea ni hiki. Joto likipita nyuzi 35 au zaidi kidogo, mzabibu hufunga vitundu vya majani yake usipoteze maji. Ukishafunga, hautengenezi chakula, unasubiri jioni. Punje za nje zinapoteza maji, sukari iliyokuwemo inaonekana nyingi kwa kuwa maji yamepungua, na kifaa kinakuambia zimeiva. Hazijaiva. Zimekauka. Ganda bado gumu lenye ukakasi wa majani mabichi, mbegu bado kijani, na ndani ya kichala kuna punje ambazo hazijaanza safari. Siku hizi nachuma punje upande wa jua na upande wa kivuli, juu ya kichala na chini, katikati ya mstari na siyo ncha. Natafuna ganda peke yake mpaka liishe: likiacha rangi kwenye ulimi na ukakasi laini, naendelea. Natazama mbegu, nataka rangi ya kahawia, na ivunjike kama karanga iliyokaangwa. Refraktomita naitoa mwisho, kama mtu anayesaini barua ambayo imeshaandikwa.

Mwaka uliotangulia, 2016, ulinifundisha upande wa pili: kungoja. Ulianza kwa mvua nyingi mno, masika yote watu wakipambana na ubwiri vinyoya, kisha kiangazi kikakaza, na Septemba ikaingia na joto kali. Mizabibu imechoka, punje zimesimama. Baadhi wakaogopa, wakavuna. Katikati ya mwezi mvua ikanyesha. Ukiwa mgeni utadhani mvua ya Septemba ni balaa tu, na mara nyingi ni balaa kweli. Ile haikuwa ndefu. Ilifuatiwa na siku nyingi za jua na upepo mkavu, usiku ukiwa wa ubaridi. Mti ukanywa, ukaamka, ukamalizia kazi. Waliokuwa wamesimamisha mavuno na kungoja, hasa kwa Touriga Franca inayochelewa, walipata maganda ambayo rangi yake haikutoka mikononi kwa wiki. Wingi wa mvua ya mavuno ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni upepo unaokuja nyuma yake.

Ikija mvua isiyokatika, ndipo kuoza kunapoanza, na kuoza ni mwizi wa ganda. Kuvu wa kijivu anaacha kimeng'enya kinachoua rangi, na kileo hakikizuii. Kuna kipimo cha maskini nilichofundishwa kule: mimina mchuzi wenye rangi kwenye glasi, uache wazi dirishani usiku mzima. Asubuhi ukiukuta umegeuka kahawia kama chai iliyolala, hodhi hilo usilihesabie makuu.

Halafu kuna hali ya hewa ya siku moja, ambayo wageni huisahau. Zabibu zilizochumwa saa tisa alasiri zinaingia kwenye lagar, lile hodhi la granaiti, zikiwa za moto. Uchachukaji unaondoka mbio, sukari inakatika kabla ya wakati, na inabidi kileo kiingie mapema. Umepoteza saa kadhaa za maganda, na saa hizo hazirudi. Kwa hiyo mkiambiwa kuanza kuchuma alfajiri msinung'unike. Jioni mtapanga mstari bega kwa bega ndani ya hodhi, mtakanyaga saa mbili za kwanza kwa hatua za kuhesabiwa, magoti hayatawasamehe.

Msije mkadhani kila mvinyo ulioongezwa kileo unaendeshwa hivi. Jerez, Hispania, zabibu ni nyeupe, mchuzi unatengwa na maganda mapema, unachacha hadi utamu uishe, ndipo kileo kinaongezwa. Kisha unaingia kwenye mlolongo wa mapipa ambamo mvinyo mchanga huchanganywa na mkongwe mwaka baada ya mwaka. Mwaka mbaya humezwa na miaka mizuri. Hata Douro kwenyewe, tawny, ile Port inayozeekea kwenye pipa, ya miaka 10 au 20 ni mchanganyiko. Fundi wa kuchanganya anaweza kuuficha mwaka wowote. Asiyeweza kujificha ni Port ya mwaka mmoja, ile yenye tarakimu kwenye chupa. Sampuli yake hupelekwa kwenye taasisi ya mvinyo ya Douro na Porto mwaka wa pili baada ya mavuno, na kwa kawaida nyumba kubwa hutangaza kama mara tatu tu katika miaka kumi. Miaka 2016 na 2017, iliyokuwa tofauti kama masika na kiangazi, ilitangazwa mfululizo na nyumba nyingi, jambo ambalo ni nadra mno. Tena hali ya hewa si hakimu pekee: 1931 ulikuwa mwaka mzuri, lakini uchumi wa dunia ulikuwa umeanguka, ghala zimejaa, na ni wachache waliothubutu kutangaza.

Januari baada ya 2017 nilishuka Vila Nova de Gaia, mji wenye ghala za Port, kuonja mapipa. Kuonja mvinyo wa miezi minne ni kama kutafuna penseli: mdomo mweusi, meno meusi. Mapipa ya zabibu aina ya Touriga Nacional ya mwaka ule yalikuwa mazito kiasi kwamba glasi ilibaki na zambarau hata baada ya kusuuzwa. Ile Tinta Barroca yangu nilitambua harufu yake kabla ya kusoma chaki kwenye pipa, majani mabichi juu ya jemu. Iliishia kwenye ruby, Port nyekundu ya bei ya chini, ambayo chupa yake haiandikwi mwaka.