Maswali na majibu: Mbao za pipa la mwaloni katika siki ya mnazi

Msomaji wa Ngamiani, Tanga: Nimenunua mbao za pipa kuukuu kwa seremala. Nitajuaje kama zinafaa kukolezea siki ya tembo la mnazi?

Ndugu yangu, uliza kwanza pipa hilo lilibeba nini, kwa sababu ubao hunywa kilichokaa ndani yake, na pipa lililotiwa mafuta au dawa, au lililopakwa vanishi likawa pambo, halitakasiki kwa randa wala kwa maji ya moto. Mapipa mengi ya mwaloni yaliyokwisha kutumika hutoka Marekani, ambako sheria inataka bourbon, yaani wiski yao ya mahindi, ikae katika mwaloni mpya uliochomwa ndani, hivyo pipa la takriban lita 200 halirudiwi kwa kazi hiyo na huuzwa. Tazama pia palipokaa pete za chuma: tanini ya mwaloni, kile kitu cha ukakasi kilichomo ndani ya ubao, ikikutana na chuma chenye unyevu huacha doa jeusi lenye kuelekea buluu. Sehemu hiyo ikate uitupe.

Msomaji wa Pangani: Je, niondoe mkaa wote wa ndani?

Ndiyo, bibi, uondoe wote. Randa mpaka ufikie ubao msafi, kisha upasue vijiti vya urefu wa kidole na uvichome polepole katika oveni yenye nyuzi 180 kwa saa mbili hivi. Asiye na oveni ateleke sufuria kavu yenye mfuniko juu ya moto mdogo na kupalia makaa juu, kama apikavyo wali, huku akivigeuza mara kwa mara. Joto hilo huivunja lignini, ile gundi inayoshikanisha nyuzi za mti, na humo ndimo inamotoka harufu ya vanila. Vikifikia rangi ya chai ya maziwa, viepue. Vikiwa vyeusi umerudi kwenye mkaa. Halafu vichemshe kwa robo saa na umwage maji yake ya kahawia. Mimi niliwahi kuiruka hatua hii kwa haraka, na chupa nzima ya siki ikawa chungu, yenye kukausha ulimi.

Kwa lita moja, gramu 5 zinatosha kuanzia. Tumia chupa ya kioo iliyojaa, yenye kizibo kisicho cha chuma, na uonje kila wiki.

Kijana wa Muheza: Vijiti hivyo vinaweza kuisafisha gongo?

Haviwezi, mwanangu. Mwaloni huongeza rangi na harufu tu. Methanoli, ambayo hupofusha na kuua, hubaki palepale. Kutengeneza gongo ni kosa kisheria nchini, nami sitakuelekeza huko. Tembo lililochachuka lina kazi njema zaidi: liache wiki kadhaa katika chombo cha mdomo mpana kilichofunikwa kwa kitambaa, lipate hewa bila kuingiwa na nzi, na likishakuwa siki kali ndipo utie vijiti.

Msomaji wa Tongoni: Vijiti vinarudiwa?

Mara moja, na safari ya pili viache muda mrefu zaidi, maana ladha imekwisha kupungua.