Ashoki wa Uzio Si Dawa: Kutengeneza Dawa za Ayurveda kwa Mimea ya Dar

Msomaji wa Tabata ameniandikia: "Dada, nina hedhi nzito, na kitabu changu cha Ayurveda (tiba ya asili ya India) kinataka tulsi (rehani ya Kihindi), pippali (pilipili ndefu) na ganda la ashoka. Nimechukua kivumbasi cha uani, pilipili manga, na ganda la ashoki wa uzioni. Niko sawa?"

Upo sawa kwa kimoja kati ya vitatu, na hicho chenyewe kwa nusu.

Nianze na ashoki kwa sababu ndiyo inayoniudhi. Ule mti mwembamba mrefu uliopangwa kwenye kuta za Mikocheni na Mbezi, majani yameinamia chini, wataalamu wanauita Monoon longifolium, zamani Polyalthia longifolia. Ashoka ya Ayurveda ni Saraca asoca, jamii ya kunde, yenye maua ya rangi ya chungwa yanayoiva kuwa mekundu. Ganda lake hutumika kwa hedhi nzito. Miti hii miwili haina udugu, ina jina tu. Hata India kwenyewe wafanyabiashara huchanganya ganda la huu wa uzio na lile la kweli, maana la kweli ni adimu. Mwanamke anayetoka damu nyingi akinywa ganda la uzioni anazidi kupoteza damu huku akidhani anatibiwa.

Sasa, kubadilisha mmea si dhambi. Kitabu cha Bhavaprakasha cha karne ya 16 kina orodha yake ya mbadala, lakini kinaweka sharti ambalo watu huliruka: dawa kuu ya mchanganyiko haibadilishwi, zinabadilishwa zile zinazoisaidia. Na mbadala hautafutwi kwa jina wala kwa umbo la jani. Unatazama ladha (ziko sita: tamu, chachu, chumvi, ya kuwasha, chungu, na ukakasi kama wa ndizi mbichi), unatazama kama mmea unapasha mwili joto au unaupoza, halafu unatazama unavyobaki tumboni baada ya kusagwa, yaani vipaka. Sehemu ya mmea nayo ni lazima ilingane. Mzizi haubadilishwi kwa jani kwa sababu tu jani ndilo limepatikana.

Chukua trikatu, ya mafua, kikohozi chenye makohozi na tumbo zito. Ni tangawizi kavu, pilipili manga na pippali (Piper longum), sehemu sawa kwa uzito. Pippali ulizia kwanza kwenye maduka ya viungo ya Kisutu. Ni vijiti vyeusi vyenye vinundu. Ukiikosa, wengi huongeza pilipili manga mara mbili. Hapo wanakosea. Pippali na tangawizi kavu huwasha ulimini lakini vipaka yake ni tamu, wakati pilipili manga inawasha mwanzo hadi mwisho. Ukiizidisha unapata unga unaochoma tumbo. Ongeza tangawizi badala yake: sehemu mbili za tangawizi kavu kwa moja ya pilipili manga. Haitakuwa trikatu kamili, kwa hiyo usiandike trikatu kwenye chupa.

Tangawizi iwe umeikausha mwenyewe. Ioshe, ikate vipande vya milimita tatu, ianike juani kwenye ungo mpaka kipande kikivunjwa kinalia. Kikipinda bado. Kilo moja ya mbichi hukuachia gramu 200 au pungufu, usishtuke. Twanga kwenye kinu, chekecha kwa kitambaa chepesi, rudia makapi. Kipimo cha mtu mzima ni nusu gramu mara mbili kwa siku baada ya kula, na asali. Kijiko cha chai kilichosawazishwa cha unga wa tangawizi ni karibu gramu mbili, kwa hiyo nusu gramu ni robo kijiko. Asali haipikwi, subiri kilichopikwa kipoe ndipo uitie. Mwenye vidonda vya tumbo asiiguse.

Kivumbasi kina utata wa aina yake, kwani jina hilo linabeba mimea zaidi ya mmoja. Sugua jani kati ya vidole, unuse. Likinuka karafuu, una mmea wa karibu na tulsi, pengine Ocimum gratissimum, na chai ya majani yake kwa mafua haina shida. Likinuka kafuri, hiyo ni ya kujifukiza chini ya shuka, si ya kunywa. Ila tulsi yenyewe, Ocimum tenuiflorum, ipo mjini hapa hapa: majumbani mwa Wahindu wa Upanga na Kisutu hukaa kwenye chungu mlangoni. Omba mbegu kwa adabu, maana kwao ni mmea wa ibada. Panda, uepukane na maswali.

Triphala, dawa ya matunda matatu makavu, usiijaribu kwa mimea ya hapa. Mkungu wa ufukweni ni ndugu wa haritaki na bibhitaki, mawili kati ya hayo matatu, lakini undugu si mbadala. Nunua matunda makavu mazima, toa kokwa, saga.

Kuchemsha kuna hesabu. Majani laini, maji mara nne ya uzito. Vitu vya kati, mara nane. Mizizi migumu na maganda, mara 16. Moto mdogo, bila kifuniko, mpaka ibaki robo. Gramu 12 za ganda gumu zinataka maji kama mililita 200, na unakunywa 50. Mmea mbichi unautumia mara mbili ya uzito wa mkavu. Tumia sufuria ya stili au chungu. Ukwaju na vitu vichachu vinakula alumini.

Mafuta ndiyo yanayowashinda wengi. Kanuni ni rojo moja, mafuta manne, maji ya dawa 16. Kwa mafuta ya mwarobaini ya ngozi inayowasha: chemsha gramu 400 za majani mabichi (yahesabu kama vitu vya kati) kwa lita 3.2 za maji mpaka zibaki mililita 800. Twanga gramu nyingine 50 ziwe rojo. Changanya rojo na hayo maji ya majani, pamoja na mililita 200 za mafuta ya ufuta uliokamuliwa, si ule wa kukaangwa. Jiko la mkaa, moto wa majivu, koroga mpaka chini. Baada ya saa kadhaa povu jepesi linapanda. Chota rojo kidogo, liviringishe kati ya vidole: likishika umbo la utambi bila kung'ang'ania, limeiva. Tupa chembe motoni. Likipasuka-pasuka bado kuna maji, na kwa unyevu wa Dar wakati wa masika hayo maji yatazaa ukungu. Likiwa jeusi na gumu umeunguza, mwaga. Chuja yangali moto. Jaribu kwanza kidogo mkononi kwa siku moja. Ni ya kupaka tu: watoto waliowahi kunyweshwa mafuta ya mwarobaini walipata degedege, na wajawazito wasinywe mwarobaini kabisa.

Unga wowote una umri wa miezi miwili, hata ukiwa kwenye chupa. Ukinuka vumbi, ukiganda, ukiona nyuzi nyeupe, tupa. Sumukuvu haitoki kwa kuchemsha.

Urukususu (mzizi mtamu wa licorice) usichukue porini. Majani ya mtipitipi nayo ni matamu, na mbegu zake nyekundu zenye jicho jeusi zinaua. Shubiri nazo, si zote za kuliwa: Aloe ballyi ya Kenya na Tanzania kaskazini ina sumu. Hata ile ya kawaida, maji ya njano yanayotoka chini ya ganda yaache yadondoke yote kabla hujachukua ute.

Na vidonge vyenye "bhasma" (majivu ya metali) vinavyoletwa na wasafiri, viache. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2004 ulipima dawa 70 za Ayurveda zilizonunuliwa Boston. 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki.

Anayemeza dawa za kisukari asijiongezee uwatu wala mbegu za zambarau bila kupima sukari, sukari inaweza kuporomoka. Wa dawa za kuzuia damu kuganda asizidishe tangawizi na manjano. Na ukianza kuuza, Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002 inakuhusu, jisajili kwenye Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala.

Kwa msomaji wa Tabata: kivumbasi nusa kwanza, pippali kaulizie Kisutu. Damu yenyewe ipeleke kwa daktari wa wanawake wiki hii, si baada ya hedhi ijayo. Hilo ganda la uzioni litie kwenye mbolea ya mchicha.