Jina la Ukoo Lilivyonitoa Jasho

Dada mmoja aliyeolewa Marekani kama mimi kaniandikia juzi: “Dada yangu, kwenye kusaka ukoo wa mumeo ulifikaje mpaka 1870? Mimi nimegota kwa babu ya mume wangu.” Haya, njoo nikusimulie.

Ukoo wa mume wangu ni Haynes, Wamarekani weusi wa Alabama. Mama mkwe hupenda kusema, “Nyie Waafrika mnawajua babu zenu, sisi tumeachiwa jina la bwana aliyewamiliki wazee wetu utumwani.” Lilinichoma. Mimi mtu wa Tanga jina langu la tatu ni la babu, na baba yake huyo babu sijui hata kazikwa wapi! Nikaapa nitamtafutia wake.

Nikaanza na sensa ya 1950, iliyofunguliwa 2022, maana Wamarekani hufungia majina miaka 72. Hadi 1900 nilifika bila taabu. Ile ya 1890 karibu yote ilipotea baada ya moto wa 1921, basi nikarukia 1880. Hakuna Haynes. Wiki sita, kila usiku watoto wakishalala, hakuna. Nililia, sioni haya kusema.

Kosa lilikuwa langu. Nilisaka jina la ukoo, kumbe karani wa sensa aliandika alivyosikia. Nikaliacha, nikatafuta jina la kwanza, umri na jimbo la kuzaliwa. Wakatokea: “Hanes”. Mwaka 1870 wakawa “Hains”, jirani zao walewale. Kwa hiyo majirani, ndugu zangu, majirani! Soma ukurasa mzima, na wa kabla yake, na unaofuata. Tahajia itakudanganya, lakini mtaa mzima hauhami kwa mpigo.

Sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwaandika kwa majina watu weusi wote waliokuwa watumwa. Ile ya 1850 na ya 1860 zinawaorodhesha chini ya jina la bwana: umri, jinsia, rangi. Basi. Ukiona umri umelingana, usikimbilie kumpachika mtu kwenye ukoo wako.

Na andika jina lako kwenye kila karatasi. Kwenye mkutano wa ukoo wifi yangu alisimama akasoma kazi yangu yote, tahajia tatu na majirani, akapigiwa makofi. Mimi hakunitaja. Sawa tu. Ila nyinyi mnaovaa fulana za “mizizi” na bibi zenu wako hai hamjawauliza mama zao waliitwa nani, muogopeni Mungu.

Siku ile mama mkwe alinivuta pembeni nimsomee tena mstari mmoja wa 1870: mwanamke wa miaka 60, nyumba hiyohiyo, kazaliwa Virginia. Wengi wa rika lake walitolewa huko wakauzwa kusini, mashamba ya pamba yalipofunguka. Sensa hiyo haisemi nani ni nani wa nani, kwa hiyo sikumwambia ni mama yao. Yeye hakungoja. Mjukuu aliyezaliwa Septemba anaitwa kwa jina la yule bibi.