"Mama yuko chooni, anakuja": kwa mwalimu mpya wa chekechea

Januari ndiyo itakayokupima. Hapa Moshi watoto wengi huingia darasani wakiwa wametoka tu mgombani kwa bibi. Krismasi imekwisha, ndugu wa Dar wamesharudi mjini, na asubuhi moja mtoto wa miaka mitatu anavishwa sare mpya, anapakizwa kwenye bodaboda na kushushwa mbele ya geti asilolijua. Kilio chake utakisikia kuanzia barabarani. Mama yake naye atakutazama wewe mwenye cheti kipya, kwa macho yanayosema: haya, fanya ulichosomea.

Mwaka wangu wa kwanza nilifanya nilichowaona wenzangu wakifanya. Nilimbeba mtoto, nikamgeuzia upande wa bembea, mama akachomoka kwa mlango wa nyuma. Mtoto alipogeuka nikamwambia, "Mama yuko chooni, anakuja." Akanyamaza, nami nikajiona fundi. Kumbe ameniamini. Akaenda kusimama mlangoni mwa choo, kibegi mgongoni, akimsubiri mama atoke, mpaka kengele ya uji ikalia. Kwa wiki tatu zilizofuata hakukubali kiti chochote kinachomfanya alipe geti mgongo. Uji alikunywa macho yako nje, kikombe kinamwagikia sweta. Tulimwita mdekaji. Hakuwa mdekaji, alikuwa amejifunza kwamba ukigeuza shingo watu hupotea, na kwamba mwalimu ndiye anayewasaidia kupotea.

Kwa hiyo la kwanza: mzazi aage. Hata kama mtoto atapiga yowe, aage, kwa ufupi, kisha aondoke kweli. Asirudi kuchungulia dirishani, maana akionekana mnaanza upya. Na asiseme "narudi saa sita", kwa sababu mtoto huyo hajui saa sita ni nini. Anajua uji, anajua michezo, anajua wali. "Ukishamaliza kula wali utanikuta getini" ni saa anayoweza kuisoma. Mzazi akichelewa, mwambie mtoto kwamba amechelewa, usitunge. Mimi huwaomba akina mama kipande cha khanga waliyoivaa, kisichofuliwa, kikae mfukoni mwa mtoto. Watoto wengi hutulia dakika chache baada ya mzazi kupotea machoni, na hilo mtumie mama ujumbe, kwa sababu wakati huo na yeye analia kwenye daladala.

Usimwone mtoto huyu ana kasoro. Hofu ya kuachwa huanza akiwa na miezi kama minane, hupungua kadiri anavyokua, na huibuka tena akipelekwa mahali pageni. Kuanzia miaka mitatu hivi zinakuja nyingine, za giza na mazimwi, kwa sababu akili imeanza kutunga picha lakini bado haijui kutenga picha na kitu chenyewe. Ukimwambia "hakuna zimwi, acha upuuzi" hujamsaidia. Hofu yenyewe ipo, hata kama zimwi halipo.

Mwaka 1924 huko Marekani, mwanasaikolojia Mary Cover Jones aliandika habari za mtoto aliyemwita Peter, hajatimiza hata miaka mitatu, aliyeogopa sungura. Dawa yake ingeweza kubuniwa na bibi yeyote wa Kibosho. Mtoto alipewa chakula anachokipenda huku sungura akiwa ndani ya kizimba, mbali. Siku kwa siku kizimba kikasogezwa karibu kidogo, mpaka mtoto akawa anamshika sungura mwenyewe. Kazi yetu kubwa iko hapo, kwenye kusogeza kidogo. Ukimsukuma mtoto kwa kile anachokiogopa, unaikuza hofu. Ukimkinga nacho daima, unaikuza vilevile.

Nililielewa hili chooni, kusema kweli. Tulikuwa na choo cha shimo, na kuna binti aliyebana mkojo kila siku mpaka nyumbani, mara nyingine akajikojolea njiani. Tukamsema sana. Siku moja nikachuchumaa mbele yake nikamuuliza anaogopa nini, akanijibu kwa sauti ya chini, "Nitatumbukia." Nikaenda kulitazama lile tundu upya. Lilikuwa la miguu ya mtu mzima; mtoto wa kimo chake angeweza kweli kuteleza. Tukaanza na poti nje ya mlango. Siku kadhaa baadaye poti ikaingia ndani, mlango wazi, nimemshika mkono. Fundi seremala akatuchongea ubao wenye tundu dogo wa kuweka juu ya lile kubwa, naye akaukagua kwa mguu kama anajaribu maji ya moto. Wiki ya tatu aliniambia nisubiri nje. Tangu hapo, kabla ya kusema mtoto ni mwoga, huwa nakagua kwanza kama hayuko sahihi.

Mbwa ni hivyohivyo. Usimwambie mtoto "mbwa hana neno", kwa sababu mbwa wengine wana neno, na kichaa cha mbwa kipo. Sisi tunawafundisha kuwa mgomba: ukimwona mbwa usiyemjua, simama, usikimbie, mikono chini, usimkodolee macho, subiri aende zake. Wanaufanyia mazoezi uani, mmoja akiwa mbwa, na wote wanataka kuwa mbwa. Mtoto mwenye kitu cha kufanya huogopa kidogo kuliko aliyeambiwa tu asiogope. Akiumwa au kukwaruzwa, jeraha lioshwe hapohapo kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha hospitali, bila kusubiri kuona.

Masika yakianza, Machi mpaka Mei, utapambana na radi chini ya bati. Hapo nakiri kwamba mimi mwenyewe hushtuka. Watoto hawasikilizi maneno yako siku hiyo, wanasoma uso wako, kwa hiyo usijifanye jasiri. Sema, "Loo, hiyo imenishtua hata mimi. Tuko ndani, tuhesabu." Mwanga ukimulika tunahesabu pamoja mpaka ngurumo ifike, kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Wakubwa wa darasa hupenda kutangaza radi iko wapi, eti sasa imefika Rau. Wadogo hupiga meza kushindana na mvua. Makelele ni makubwa, lakini hakuna anayelia.

Kuna jambo la huku kwetu ambalo vyuoni huenda hukuambiwa. Wengi wetu tunazika kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo la migomba, hatua chache kutoka mlango wa nyumba. Januari utapata mtoto aliyeshuhudia mazishi likizoni, na sasa hataki kulala mchana. Waulize wazazi walimwambia nini. Mara nyingi utasikia, "Tulimwambia babu amelala." Sasa wewe unamtandikia godoro na kumwambia alale! Ongea na wazazi mkubaliane neno moja: babu amekufa, mwili wake hauumwi, hausikii baridi, harudi. Mambo ya mbinguni waseme wao kwa imani yao. Mtoto ataliuliza hilohilo mara kumi. Mjibu mara kumi vilevile.

Sindano sitaisemea sana. Usiseme haiumi. Sema itauma kidogo kama kufinywa, halafu inaisha, na mfundishe kupuliza pumzi taratibu kama anapoza uji.

Ila vitisho vikome, na hapa nazungumza na sisi wenyewe na akina dada wa jikoni. "Ukilia mlinzi atakubeba." "Usipokula namwita daktari akuchome." "Mumiani huyo." Vinafanya kazi siku hiyo, nakubali. Halafu siku mtoto amepotea sokoni Mbuyuni, mtu wa kumsaidia ni mlinzi au polisi yuleyule tuliyemfanya zimwi.

La mwisho ni zito. Mtoto aliyekuwa mchangamfu akianza ghafla kumwogopa mtu fulani, kukataa kurudi nyumbani au kukataa kuvuliwa nguo, usimlazimishe kumsogelea mtu huyo hata kwa shikamoo, na usiite deko. Msikilize bila kumchimba kwa maswali, andika maneno yake kama alivyoyasema, na tarehe, kisha mwone mwalimu mkuu au afisa ustawi wa jamii siku hiyohiyo. Namba ya simu ya msaada kwa mtoto ni 116, bure. Hofu nyingine yoyote ikidumu wiki nyingi na kumnyima mtoto usingizi, chakula au michezo, mshauri mzazi ampeleke hospitali. Mimi daftari la mambo haya naliweka kwenye kabati lenye kufuli, siyo mezani. Akina mama wanaokuja kuchukua watoto husoma kila kitu kilicho mezani.