Jibu: Nina vyeti viwili, mbona siitwi kwenye usaili?
Salamu, ndugu. Umeeleza kwamba umefaulu mitihani ya A+ (misingi ya kompyuta) na Network+ (misingi ya mitandao) ya shirika la CompTIA, umetuma maombi mengi ya kazi bila kuitwa kwenye usaili, na sasa unauliza kama uongeze CCNA, cheti cha mitandao cha kampuni ya Cisco.

Kabla ya kulipia mtihani mwingine, soma upya wasifu wako. Wangu, nilipokuwa hapo ulipo, ulitaja vyeti tu, na msomaji hakuweza kujua kama nimewahi kushika hata kebo moja ya mtandao. Nilichofanya ni kusakinisha VirtualBox, programu ya kuendesha kompyuta za kuigiza ndani ya kompyuta moja, ambayo hailipiwi, nikaunda seva ya Linux inayogawa anwani za mtandao kwa DHCP (huduma inayozipa mashine anwani bila kuziandika kwa mkono) na mashine mbili za Windows za kuzipokea, kisha kila jioni nikawa naharibu kitu kimoja kwa makusudi na kuandika dalili zake, chanzo chake na namna nilivyokirekebisha. Nilipozima DHCP, kwa mfano, mashine za Windows zilijipa anwani zinazoanza na 169.254, na jambo hilohilo ndilo nililoulizwa kwenye usaili wangu wa kwanza (bahati, nakiri). Kumbukumbu za namna hiyo zitaje kwenye wasifu, juu ya vyeti.

CCNA inafaa iwapo unalenga mitandao hasa, na mazoezi yake unaweza kuyafanya kwenye Packet Tracer, programu ya kuigiza mitandao ambayo Cisco huitoa bure. Hata hivyo, cheti hicho, kama hivyo ulivyonavyo, hudumu miaka 3, na muda huanza kuhesabiwa hata kama hujapata kazi ya kukitumia.