Nimalize Game of Thrones au niishie sizoni ya 6?

SWALI: Habari dada, nimeanza kucheki ile tamthilia ya Game of Thrones mwezi uliopita, nimefika sizoni ya 6 naipenda balaa, ila washkaji wote wananiambia niachie hapo hapo eti mwisho mbovu. Ni kweli?

JIBU: Mdogo wangu malizia tu. Ila ni kweli kuna kitu kinabadilika, sizoni 1 mpaka 6 kila moja ina episodi 10, ya 7 watengenezaji wakaipa 7 na ya 8 ya mwaka 2019 ikapata 6 tu, na hapo ndo shida inapoanzia maana safari iliyokuwa inachukua sizoni nzima sasa mtu anafika chap. Halafu vitabu vya George R. R. Martin walivyokuwa wanafuata vilikuwa havijaisha, cha tano kilitoka 2011. Kuhusu Daenerys, yule dada mwenye majoka, sikwambii kinachompata, ila mimi kiliniuma, sio kwamba hakiwezekani, dalili zilikuwepo toka zamani, ni ile haraka yao jamani. Lakini episodi ya 2 ya sizoni ya 8, usiku wa kusubiri vita kwenye ngome ya Winterfell, watu wamekaa kwenye moto wanaongea tu, mimi nililia kabisa. Hiyo usiikose.